Nionesheni Daftari

Mikoko iliyopandwa inahesabika. Unangoja maji yatoke, unaingia topeni, unahesabu iliyoshika na iliyokufa, unaandika. Boti za doria zinahesabika, na vibao vyenye nembo ya mfadhili vilivyosimikwa njia panda ndivyo rahisi kuhesabu kuliko vyote. Lakini mradi ukiitwa wa kujenga uwezo, yaani fedha imetolewa ili kamati za vijiji, maofisa wa wilaya na idara za serikali waweze kusimamia misitu na bahari wao wenyewe, kinachotakiwa kupimwa kimo ndani ya watu na ndani ya ofisi. Anayepewa kazi ya kukipima mradi ukiwa nusu ya njia huitwa mtathmini, au kwa lugha ya serikalini, mshauri mwelekezi. Walio hodari katika kazi hiyo ni wachache, na mara nyingi wanapita kimya: wanakuja na mkoba, wanauliza, wanaondoka, ripoti inafungiwa kabatini.

Mmoja wao alinikubalia nimfuate katika kazi aliyoifanya mwambao wa Kilwa, kwenye mradi wa mikoko na uvuvi mdogo. Sitautaja mradi wala vijiji, kwa kuwa nilikaribishwa kutazama kazi, sikukaribishwa kuwaanika watu. Yeye ni mama wa makamo aliyeanza maisha akiwa afisa misitu, akazunguka mikoa kadhaa, kisha akaacha ajira ya serikali. Vijijini walianza kumwita Mama Tathmini kabla hajamaliza kunywa maji aliyokaribishwa.

Kazi hii huanza kabla haijajulikana nani ataifanya. Huanza na hadidu za rejea, karatasi zinazoeleza nini kinatakiwa, kwa siku ngapi na kwa malipo gani. Hadidu mbovu haijifichi: maswali hamsini, siku kumi na mbili, vijiji vyote vitembelewe. Hadidu nzuri imechagua. Inauliza maswali machache ambayo majibu yake yanaweza kubadilisha jambo, inataja nyaraka zitakazotolewa, inatenga siku za kusoma mbali na siku za safari, na inasema wazi kwamba mwombaji asiwe ameshiriki kuubuni mradi wala kuutekeleza. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa miradi yake inayogharamiwa na Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, ilitoa mwongozo wa tathmini hizi za katikati mwaka 2014, na kwa miradi mikubwa ya mfuko huo tathmini ya katikati ni lazima. Mwongozo upo, basi. Tatizo ni kwamba wengi wanaoandika hadidu hunakili za mradi uliopita, wakabadilisha jina la wilaya.

Hatua ya kumchagua mtu nayo ina ufundi wake. Utaratibu unaotumika sana hugawa alama hivi: asilimia 70 kwa ubora wa pendekezo la kitaalamu, asilimia 30 kwa bei. Sababu ni ya busara, maana mtathmini wa bei poa anaweza kukugharimu mradi mzima. Nilipewa nisome mapendekezo mawili yaliyofutwa majina. La kwanza lilikuwa limepambwa kwa michoro ya rangi na lingeweza kutumwa kuomba kazi ya tathmini ya mradi wa maji Dodoma au wa shule Mwanza bila kubadilisha neno. La pili lilikuwa fupi, na katika ukurasa wa tatu mwombaji alisema kwamba kiashiria kimojawapo cha mradi hakiwezi kupimwa kama kilivyoandikwa, kwa sababu hakuna aliyerekodi hali ya mwanzo, akaeleza angefanyaje kuliziba pengo hilo. Mtu anayeomba kazi na papo hapo anamwonesha mwajiri kasoro yake ni wa kuajiriwa. Waliochagua waliliona hilo, na nawapa heko.

Huwa wanaajiriwa wawili, mmoja kutoka nje na mmoja wa nchini. Nina neno hapa. Mara nyingi huyu wa nchini hugeuzwa mkalimani na mpanga safari, kisha jina lake likawekwa la pili kwenye jalada, ilhali yeye ndiye aliyesikia kilichosemwa kwa Kiswahili na, zaidi ya hapo, ndiye aliyesikia kilichoachwa kusemwa. Safari hii aliyeongoza alikuwa mama huyu, na mwenzake mgeni, mtaalamu wa fedha za miradi, alishika mahesabu. Waligawana kazi kwa kilichokuwa mkononi mwa kila mmoja.

Mkataba uliposainiwa hakwenda Kilwa. Alikaa Dar es Salaam akasoma. Hati ya mradi, mihtasari ya kamati ya uendeshaji, taarifa za robo mwaka, mapitio ya kila mwaka, taarifa za ukaguzi wa hesabu, mikataba ya mafunzo. Alianza na bajeti. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba masimulizi huandikwa na mtu anayetaka kupendwa, lakini fedha imekwenda ilikokwenda. Akachora mistari miwili kwenye karatasi moja, mmoja wa muda uliopita, mwingine wa fedha iliyotumika. Fedha ikibaki nyuma sana ya muda, huenda ununuzi ulikwama au mratibu alichelewa kuajiriwa. Ikitangulia, huenda semina zimeila. Mistari ilikuwa imeachana mahali fulani katika mwaka wa pili. Hakuandika hukumu yoyote. Aliandika swali pembeni kwa penseli, akageuza ukurasa.

Kisha akaomba kitu ambacho ofisi ya mradi haikutarajia kuombwa: karatasi za mahudhurio ya mafunzo, zile zenye jina, kijiji, namba ya simu na saini. Zilikuja kwenye boksi la karatasi za fotokopi, nyingine zimeganda kwa unyevu. Alizitandaza mezani kwa tarehe, akaanza kutafuta majina yanayojirudia. Mtu mmoja alikuwamo kwenye mafunzo ya uongozi, ya kutumia GPS, ya kupanda mikoko na ya ufugaji nyuki. Katika taarifa za mradi mtu huyo ni watu wanne. Wala hakuna aliyedanganya, alisema, kwani kiashiria kiliuliza ni wangapi wameshiriki mafunzo, na mradi ukajibu ulichoulizwa. Akaangalia saini za wanawake. Katika karatasi kadhaa zilikuwa zimekusanyika mwisho kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine. Walichelewa? Waliitwa mchana kujaza idadi? Swali jingine la penseli.

Wingi wa maswali hayo ya penseli ulinishangaza, na nikaelewa baadaye kwamba ndiyo malighafi yake. Mtu asiye na subira angekwishaandika hitimisho.

Baada ya kusoma alichora mnyororo wa mradi kwenye karatasi kubwa ya bango: mafunzo, kisha ujuzi, kisha mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kisha doria na ukusanyaji wa takwimu, kisha mikoko inayobaki imesimama na samaki wanaozaliana. Wataalamu wa miradi huita mchoro huu nadharia ya mabadiliko. Watu wengi huuchora ili upendeze. Yeye aliishughulikia mishale. Juu ya kila mshale aliandika kitu ambacho lazima kiwe kweli ili hatua moja izae nyingine. Kati ya mafunzo na ujuzi: aliyefundishwa bado yupo kijijini. Kati ya ujuzi na sheria ndogo: halmashauri inazipitisha. Kati ya sheria ndogo na doria: kuna mafuta ya boti, na anayekamatwa anafikishwa mahali. Alipomaliza, mishale ilikuwa na maneno mengi kuliko visanduku.

Hapo ndipo nilipoanza kufahamu anachokipima. Uwezo, katika fani hii, hutazamwa katika ngazi tatu: mtu, taasisi na mfumo mzima wa sheria na sera unaowazunguka. Semina hugusa ngazi ya kwanza. Afisa aliyefundishwa vizuri akirudi kwenye ofisi isiyo na kompyuta wala fungu la safari, ujuzi wake unakaa kifuani. Na ofisi yenye kila kitu ikikosa sheria ya kuiruhusu kutenda, inakaa vilevile. Kuna chombo cha UNDP na GEF cha kupimia mambo haya, kadi ya alama yenye viashiria 15 vilivyopangwa katika makundi matano: kushirikisha wadau, kupata na kutumia taarifa, kutunga sera na sheria, kusimamia na kutekeleza, kufuatilia na kutathmini. Kila kiashiria hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo ukamilifu ni 45. Kadi hujazwa mradi unapoanza, unapofika katikati na unapokwisha. Nilidhani angeifurahia, maana angalau ina namba. Aliishika kwa tahadhari. Alisema kadi inajazwa na watu wa mradi wenyewe, na mtu anapojipa 2 badala ya 1 anakuwa na matumaini yake ndani ya namba hiyo. Kwa hiyo kila alama iliyopanda aliiandikia mstari: ushahidi uko wapi, na nani anaweza kuuona.

Haya yote yaliingia katika ripoti ya awali, andiko analopaswa kuwasilisha kabla ya safari. Kiini chake ni jedwali lenye safu nne: swali, kiashiria, chanzo cha taarifa, njia ya kuipata. Maswali yalipangwa chini ya vigezo vinavyotumiwa dunia nzima tangu kamati ya misaada ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ilipoviweka mwaka 1991, ambavyo ni ufaafu, ufanisi, tija, athari na uendelevu, na cha sita kilichoongezwa mwaka 2019, yaani jinsi mradi unavyopatana na shughuli nyingine za eneo hilohilo. Kwa msomaji wa kawaida jedwali hili linachosha. Mimi nililitazama akilijenga na kuona jinsi alivyofuta swali lolote lisilo na chanzo, hata kama lilikuwa zuri.

Uchaguzi wa vijiji aliufanya mwenyewe. Ofisi ya mradi ilikuwa imempangia orodha, na juu yake kilikuwamo kijiji kinachopelekwa wageni wote, chenye banda la mikutano na wasemaji waliozoea. Alikibakiza kijiji hicho kimoja, kwa kuwa nacho ni sehemu ya ukweli, akaongeza kingine kilichoanza kwa kishindo kikapoa, kingine cha mbali kinachofikiwa kwa mashua, na kijiji jirani ambacho mradi haukukigusa kabisa. Kisha akafungua kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvu, maji yakitoka mbali, kina mama wanakwenda miambani kutafuta pweza na chaza. Ukiitisha mkutano siku hizo utawapata wanaume peke yao. Kwa hiyo majadiliano ya wanawake yaliwekwa siku za maji mafu. Ijumaa adhuhuri haikupangiwa kitu. Mwenzake mgeni alitaka kujua mwongozo gani unaelekeza hivyo. Hakuna. Ni mtu kuijua pwani.

Kilwa Masoko tulipita kwa utaratibu: kwanza ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, kusaini kitabu cha wageni na kuonesha barua, kisha afisa maliasili, kisha ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa sababu mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali na kijiji hakiwezi kuipangia peke yake. Kila mahali alikaa zaidi ya salamu. Kwa afisa maliasili hakuuliza habari za mradi kwanza. Aliuliza ofisi ina watu wangapi, nani amehamishwa, na aliyehama alimwachia nani alichofundishwa. Jibu likaanguka palepale. Aliyepelekwa kwenye mafunzo ya ramani alikuwa amepata uhamisho kwenda wilaya nyingine, na kifaa cha GPS kilikuwa kabatini, betri zimevuja ndani yake. Mama yule hakutikisa kichwa wala kutoa sauti ya masikitiko. Alishukuru, akaomba kukiona kifaa, akakipiga picha.

Kijijini, kamati ya maliasili ilikuwa imekaa inamngoja, kofia kichwani, fulana za mradi zimevaliwa. Alisalimia wazee kwanza, shikamoo kwa kila mmoja. Akasema mapema kwamba hana posho ya kikao ila soda na mandazi, na kwamba asiyeweza kukaa aende salama. Wawili waliondoka. Waliobaki walicheka, na kicheko kikakilegeza kikao.

Sasa sikiliza anavyouliza. Mtathmini wa haraka angeuliza kama mafunzo yaliwasaidia, na kamati nzima ingejibu kwamba yaliwasaidia sana, tunashukuru, tunaomba yaendelee. Yeye aliuliza hivi: mara ya mwisho mlipomkuta mtu anakata mikoko, ilikuwaje? Kimya. Mwenyekiti akamtazama katibu. Kisha mzee mmoja akaanza kusimulia habari ya vijana waliokutwa na boriti alfajiri, upande wa mkondo. Mama akafuata uzi huo taratibu. Mlikuwa wangapi doria? Nani alizihesabu boriti? Ni boriti kweli au mapau? Swali hilo liliwafurahisha, kwa sababu lilionesha anajua kwamba mikoko huuzwa kwa unene, kuanzia fito hadi mapau hadi boriti, majina ya biashara ya tangu majahazi yalipokuwa yakizipakia kwenda Arabuni. Mkaziandika wapi? Kwenye daftari. Nionesheni daftari.

Daftari likaletwa, kaunta ya jalada gumu, limefungwa kwa mpira. Nimewahi kuona mnunuzi wa jahazi kuukuu akipita ubavuni akigonga ubao mmoja mmoja kwa kidole na kusikiliza. Ndivyo alivyolipitia lile daftari. Hakusoma yaliyoandikwa tu. Alitazama tarehe zinafuatanaje, mwandiko ni wa watu wangapi, mapengo yako wapi, na kama wino umebadilika kwa muda wa miezi au kurasa zote zimejazwa kwa kalamu moja jioni moja. Lile daftari lilikuwa la kweli. Miandiko mitatu, madoa ya maji ya chumvi, makosa yaliyofutwa kwa kukatwa mstari. Kwa muda mrefu doria zilikuwa za kila wiki, na kila tukio lina mahali, idadi na majina. Kisha zikapungua. Kisha pengo. Akaweka kidole kwenye pengo, akauliza kwa sauti ileile ya awali: hapa palitokea nini?

Kilichotokea ndicho kiini cha tathmini nzima. Vijana wale walipelekwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, na hapo ikaonekana kwamba kijiji hakina sheria ndogo iliyopitishwa. Rasimu ipo, mkutano mkuu wa kijiji uliikubali, muhtasari wenye mihuri upo, lakini sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iiidhinishe, na rasimu ilikuwa wilayani ikingoja. Hapakuwa na faini ya kutoza wala kifungu cha kutaja. Watuhumiwa wakaenda zao. Baada ya kudhalilika hivyo mara kadhaa, wanadoria wakaona hakuna sababu ya kukesha. Ujuzi walikuwa nao, na daftari lilithibitisha. Kadi ya alama ingewapa 2 katika kiashiria kimoja na 0 katika kingine, na 0 ile ndiyo iliyokuwa ikiila ile 2.

Hakulisherehekea jambo hilo. Alikwenda vijiji vingine kuuliza swali lilelile kwa namna tofauti. Kwa wanawake alikaa mkekani nao, akamwacha binti mmoja aandike, akasikiliza zaidi kuliko alivyouliza. Walimwambia kwamba mikutano ya mradi iliitishwa asubuhi za bamvu, na kwamba walioitwa kusaini mchana ni kweli waliitwa. Swali la penseli lilipata jibu lake, na jibu hilo lilitoka bila yeye kulitaja swali. Kwenye kijiji kisicho na mradi alikuta kamati iliyojifunza kwa majirani na inayopiga doria vizuri kuliko kamati mbili kati ya zile zenye mradi. Alilibeba hilo kama lilivyo, pamoja na usumbufu wake.

Alishuka pia topeni, suruali imekunjwa, kuona miche. Sehemu moja ilikuwa imepandwa mkoko kwenye uwanda wa mchanga ulio mbele mno baharini, mahali ambapo mlilana, aina nyingine ya mikoko, ungevumilia na mkoko wenyewe hauwezi. Miche iliyobaki hai ilihesabika kwa vidole. Aliuliza nani alichagua mahali. Mwongozo ulitoka juu, walisema, wazee walikuwa wamekataa. Akaandika kwamba wazee walikataa. Sentensi hiyo iliingia katika ripoti vilevile.

Daftari lake mwenyewe linastahili kuelezwa. Kila ukurasa una mstari wima katikati. Kushoto anaandika kilichosemwa, kwa maneno ya msemaji. Kulia anaandika alichokiona na anachokidhani. Hachanganyi kamwe. Kila usiku, hata umeme ukikatika, anasoma upya ya siku hiyo na kunakili mambo makuu kwenye jedwali lake la safu nne, kila jambo mbele ya swali linalolijibu. Kisha analinganisha: taarifa za mradi zinasema nini, midomo ya watu inasema nini, daftari na vitu vinasema nini. Vikikubaliana vitatu, anaweka alama. Vikigongana, hapigi kura ili viwili vikishinde kimoja. Anarudi. Kwa jambo la tarehe ya rasimu ya sheria ndogo alirudi ofisi ileile mara kadhaa, kwa sababu kijiji kilisema imewasilishwa na wilaya ilisema haijafika. Mwishowe faili likapatikana, limo kwenye jalada la kijiji kingine chenye jina linalofanana. Halmashauri haikuwa imekataa, na kijiji hakikuwa kimezembea. Karatasi ilikaa mahali pasipo pake.

Kabla ya kuondoka aliitisha kikao cha kuwasilisha matokeo ya awali wilayani. Huu ni wakati wa hatari, maana walioalika tathmini wanasikia kwa mara ya kwanza wanavyoonekana. Alianza na daftari la doria, akalisifu kwa picha. Kisha pengo. Kisha faili. Hakumtaja mtu. Kila jambo lilikuja na ushahidi wake kabla ya maana yake, hivyo aliyetaka kubisha alilazimika kubishana na karatasi. Mratibu wa mradi, kijana aliyekuwa amekaa mikono imefungwa kifuani, alikuwa wa kwanza kuuliza: sasa tufanyeje?

Swali hilo ndilo faida ya tathmini ya katikati. Tathmini ya mwisho huwaandikia watu wa mradi ujao, pengine wa nchi nyingine. Ya katikati huwaandikia watu walewale, fedha ikiwa bado ipo, na waliokosea wakiwa bado ofisini.

Rasimu ya ripoti aliiandika Dar es Salaam. Nilikaa naye alipokuwa akiandika mapendekezo, na hapo niliona ufundi ambao sikuutegemea. Mwongozo wa 2014 unashauri mapendekezo yasizidi 15. Yeye aliyapunguza zaidi. La kwanza alikuwa ameliandika hivi: mradi uimarishe ushirikiano kati ya vijiji na halmashauri. Akalitazama, akalifuta. Akaandika: mradi usaidie upitishaji wa sheria ndogo. Akafuta tena. Toleo lililobaki lilisema kwamba mwanasheria wa halmashauri akae na watendaji wa vijiji husika, rasimu zisafishwe, zipelekwe kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na gharama ya kikao hicho itoke kwenye fungu la mafunzo ya GPS lililobaki. Nani, afanye nini, lini, kwa fedha ipi. Pendekezo la wanawake alilimaliza kwa mstari mmoja: ratiba ya mikutano ifuate maji.

Alama za jumla hutolewa kwa ngazi sita, kutoka ya kuridhisha sana hadi ya kutoridhisha kabisa, na uendelevu una ngazi zake nne. Ngazi ya tatu kutoka juu, ya kuridhisha kiasi, naiona kama kiti cha uvivu. Wengi hukikalia kwa kuwa hakimkasirishi mtu. Mama huyu hakuogopa kuipa sehemu ya doria alama ya juu na sehemu ya upandaji alama ya chini, kila moja na aya ya sababu.

Maoni yalipokuja, yalikuwa mengi. Yote aliyaingiza kwenye jedwali la maoni na majibu, moja moja, na mbele ya kila moja akaandika alichofanya: nimerekebisha, ukurasa fulani, au sikurekebisha, kwa sababu hii. Mtoa maoni mmoja alitaka habari ya miche iondolewe. Haikuondolewa. Mwingine alionesha kwamba takwimu moja ya fedha ilisomwa kwenye mwaka usio wake. Alishukuru, akasahihisha, akarudia hesabu zote zilizoitegemea. Mwenye mradi kisha huandika majibu ya menejimenti, pendekezo kwa pendekezo: limekubaliwa, limekubaliwa kwa sehemu, limekataliwa.

Ripoti za tathmini za miradi ya UNDP huwekwa wazi kwenye tovuti yake ya tathmini, pamoja na majibu hayo ya menejimenti, na yeyote anaweza kuzisoma. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Ikiwa wilaya yako ina mradi wa mazingira uliofika katikati, waulize wahusika ripoti iko wapi, na omba muhtasari wa Kiswahili ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Waliotoa daftari lao likaguliwe wana haki ya kusoma kilichoandikwa juu yake.